Aliyeonekana Chemchemini Isalalo

Kabla hujaanza kumhukumu Ikupa, ngoja kwanza nikueleze jinsi mwanamke wa Kindali anavyoishi na baba mkwe wake, maana najua wapo watakaosema, "Si angesema tu!" Angesema kwa mdomo upi?

Huko Tunduma mjini siku hizi mkwe na baba mkwe wanakaa kochi moja wanatazama tamthilia na kupokezana rimoti. Sawa, mji ni mji. Lakini Isalalo, juu kabisa kwenye milima ya Ileje, nyumbani kwa mzee Andongwisye, mambo hayakuwa hivyo. Ikupa aliolewa na Asajile, mtoto pekee wa kiume wa mzee huyo, na kwa miaka minane hakuwahi kumtazama baba mkwe wake usoni. Alimjua kwa kikohozi na kwa mlio wa mabuti yake ya mpira. Mzee akikohoa upande huu, Ikupa anapita upande ule. Wakikutana ghafla njiani, mwanamke anatoka njiani, anajitanda nguo kichwani na kugeukia vichakani mpaka mzee apite. Jina lake hatamki. Chakula anapika yeye, kinapelekwa na wifi yake Tumpale. Na kama kuna neno la lazima na Tumpale hayupo, basi anaambiwa mbuzi aliyefungwa uani: "Wewe mbuzi, mwambie tata mvua inakuja na mahindi yake yako nje." Mzee naye, ndiye huyo tata, yaani baba, anamjibu mbuzi. Cheka ukitaka. Hiyo ndiyo heshima, na Ikupa aliishika kuliko wanawake wote wa kijiji, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumtetea katika nyumba ile. Hakuwa na mtoto.

Sasa, kazi yake kanisani ilikuwa kufua vitambaa vya altare vya kigango. Kila Alhamisi mchana alivibeba kwenye beseni hadi chemchemini, mahali ambapo maji yanatoka chini ya jabali kubwa lenye uwazi katikati, uwazi wa kumtosha mtu mmoja kusimama. Ile ni njia ya wanawake. Wanaume hawapiti kule, na ndiyo maana siku ile ya Kwaresima Ikupa hakuwa na wasiwasi alipovua gauni lake akalifua pamoja na vile vitambaa, akabaki na kanga moja kifuani. Jua lilikuwa kali, gauni lingekauka upesi juu ya mawe.

Akasikia kikohozi.

Mzee Andongwisye alikuwa anamfuata ndama aliyekata kamba. Ndama hana habari za njia ya wanawake. Ikupa alisikia mabuti yale yanashuka, akatafuta pa kukimbilia, hakuna. Mbele jabali, nyuma mzee. Akafanya kile alichofundishwa tangu anachumbiwa: akavuta cha kujifunika kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa kitambaa kikubwa cha altare, cheupe, kinachuruzika maji, akajitanda kuanzia kichwani hadi miguuni, akaingia katika ule uwazi wa jabali, akainamisha kichwa na kufumbata mikono kifuani ili kanga isidondoke. Akasubiri mzee apite.

Mzee hakupita. Ikumbukwe kwamba macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, watu anawatambua kwa sauti. Alichokiona yeye ni mwanamke mweupe, anang'aa kwa jua, amesimama ndani ya mwamba juu ya maji. Na mzee huyu hakuwa mtu wa hivi hivi. Huyu alikuwa katekista miaka thelathini, aliyewafundisha watoto wa milima hii yote habari za Mama Maria kutokea Lurdi na Fatima na Kibeho. Ikupa alisikia magoti yakigonga mawe. Kisha akasikia sauti ya mzee ikitetemeka, haimwambii mbuzi.

"Mama," alisema. "Mama Maria. Tangu mke wangu afariki sijashika rozari, nawe unajua. Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Nilimwambia mwanangu amrudishe mkewe kwao kwa kuwa hazai. Nilimwambia mara tatu. Akakataa, tukagombana, akaenda Galula kuchimba dhahabu, mwaka wa pili huu hajarudi. Na yule binti, Mama, ndiye aliyemwosha mke wangu kitandani miezi mitano, mpaka anakata roho. Mimi naitafuna aibu hiyo kila siku nikila chakula chake. Nataka kumwomba radhi, nami sina mdomo wa kuombea. Hata kumtazama siwezi. Mwambie wewe, Mama."

Akainama mpaka paji la uso likagusa chini, akaanza kulia kwa kwikwi. Ikupa akaona hiyo ndiyo nafasi. Akanyata, akalitwaa gauni na beseni, akapenya kwenye mianzi nyuma ya jabali. Mzee alipoinua kichwa, pale mwambani hapakuwa na mtu.

Basi unadhani alichokisikia Ikupa ni kipi katika maneno yale yote? Alisikia moja tu: amrudishe. Miaka miwili alikuwa anajiuliza mumewe alimkimbia kwa kosa gani. Asajile alisema tu anakwenda kutafuta maisha, akabeba sururu. Kumbe mzee yule aliyekuwa akila ugali wa mikono yake alitaka arudishwe kama ndoo iliyotoboka! Ikupa alikaa ndani ya mianzi ile akiwa na beseni mapajani. Alikuwa na hasira ambayo hajawahi kuwa nayo tangu azaliwe.

Alipofika nyumbani alikuta vigelegele. Mzee alishamweleza Tumpale huku analia, na Tumpale, jamani, ukimwambia kitu saa saba, saa nane kipo kwa jirani wa kigango cha pili. Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Jumapili iliyofuata zilikuja Noah mbili kutoka Tunduma, na baada ya Pasaka wakaja hata watu wa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, wanaimba nyimbo za Mama Maria kwa Kibemba huku wanapanda mlima na madumu kichwani. Chemchemi ikawekewa maua. Vijana wakakata ile mianzi ili kupanua njia. Danford, mwenyekiti wa kigango, akaanza kukusanya mawe ya groto, pango la kuwekea sanamu ya Mama Maria, bila kumwuliza mtu. Na wanawake wa Isalalo, ambao sasa hawakuwa na pa kufulia, walishuka bondeni mwendo wa nusu saa na kumshukuru Mungu.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ikupa alifikiria kumwambia Tumpale, akajiona anasema, "Wifi, yule alikuwa mimi, nimesimama mbele ya baba yako na kanga moja." Ulimi ukakataa. Kwa mila zao hiyo ni aibu ya watu wawili, na ya mzee ndiyo kubwa zaidi: alimpigia magoti mkwe wake aliyekuwa karibu uchi. Siku nyingine, nisikufiche, alitamani sana aibu hiyo impate. Alipowasikia mahujaji wakimwita "mzee mtakatifu" alikuwa anageuza ugali kwa nguvu mpaka mwiko unalia. Mtakatifu! Mtakatifu aliyetaka kunitupa! Halafu jioni anamsikia mzee chumbani mwake, yule aliyekaa mwaka mzima bila sala, anasali rozari kwa sauti, na anapofika mahali pa kuombea marehemu anamtaja mkewe kwa jina lake la usichana. Hapo Ikupa anaishiwa nguvu. Kumnyang'anya mtu kitu hicho si jambo dogo, hata kama una hasira naye.

Padri Clement, paroko, alikuwa mtu wa taratibu. Alikuja siku ya kazi, peke yake, na daftari, akaketi na mzee uani. Ikupa alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa matete, anasikia kila kitu.

"Tumsifu Yesu Kristo, mzee wangu."

"Milele amina, Padri."

"Kanisa katika mambo haya haliendi mbio. Kuna mahali limekaa miaka mingi kabla ya kusema ndiyo, na kuna mahali pengi limesema hapana. Nakuuliza kama baba yangu. Alisema neno?"

"Hakusema. Mimi ndiye niliyesema."

"Ulisema nini?"

"Hayo ni yangu na yeye, Padri."

"Na uko tayari kuapa kwamba ulimwona?"

"Nilimwona kama ninavyokuona wewe," alisema mzee. Kwa yule mwenye mtoto wa jicho, hilo lilikuwa kweli tupu, lakini Padri hakucheka. Aliandika. Kisha akasema, "Jumapili ijayo baada ya misa nitawauliza watu wote. Mwenye kujua lolote atasema mbele ya wote. Nikitoka hapo namwandikia Askofu, na wewe utaapa mkono juu ya Biblia."

Ikupa alikaa na uji ukiungua mbele yake. Mzee huyu ataapa. Ataapa juu ya Biblia kwamba mkwe wake ni Mama wa Mungu.

Hata hivyo bado alikuwa hajaamua. Kilichomfanya aamue kilikuja Ijumaa.

Alikuwa amepanda chemchemini kuondoa maua yaliyooza, kazi aliyopewa na jumuiya yake, nyie hebu fikirini, anapamba mahali pake mwenyewe. Akamkuta mama mmoja, Violet, mfanyabiashara wa vitenge wa Tunduma, amekuja na binti yake Erica, wa miaka kumi na miwili. Walikuwa wanasali vizuri tu. Ghafla mtoto akakaza shingo, macho yakageuka, akaanguka juu ya mawe. Kifafa. Ikupa alimwahi kichwa kabla hakijagonga jabali, akamlaza ubavu, akakunja kanga yake akamwekea chini ya shavu, akakaa naye huku mama mtu anapiga Salamu Maria kwa kelele. Ilichukua muda mrefu. Mtoto alipotulia alikuwa ameng'ata ulimi, damu na mate vinamtoka.

"Dada, huyu hatumii dawa?" Ikupa aliuliza.

"Alikuwa anatumia. Tangu aanze dawa alikaa miezi tisa bila kuanguka. Nimemwachisha wiki ya pili leo."

"Nani amekwambia umwachishe?"

"Hakuna aliyeniambia. Mama ametokea hapa, mzee amemwona kwa macho yake. Sasa nikija hapa na vidonge mfukoni, si nitakuwa namwambia Mama kwamba simwamini?"

"Mpe dawa leo. Nakuomba. Mpe leo hii."

Violet alimtazama kwa huruma kabisa. "Wewe unakaa hapa hapa, dada, na bado imani yako ni ndogo hivyo?"

Loo! Ikupa nusura aseme. Neno lilifika kwenye meno. Kilichomzuia ni kumfikiria mzee. Maana alijua akimwambia Violet pale, habari itashuka mlima kwa bodaboda na kupanda tena kabla ya jioni, na mzee Andongwisye ataipata kutoka kwa watu wanaocheka. Hapana. Kama lazima ajue, atajua kwangu. Akamwambia Violet asiondoke kijijini kabla ya Jumapili, akamsaidia kumbeba mtoto mpaka kwa jirani, kisha akaenda nyumbani anakaribia kukimbia.

Tumpale alikuwa amekwenda mnadani Itumba. Mzee alikuwa uani, anachonga mpini wa jembe kwa panga. Ikupa alipita nyuma ya jiko, akaketi chini, akaupa ukuta wa matete mgongo. Mbuzi alikuwa anatafuna maganda ya viazi.

"Wewe mbuzi," alianza, na sauti ikamtoka nyembamba. "Mwambie tata nina neno."

"Mbuzi," alijibu mzee kwa uchangamfu, maana siku zile alikuwa mtu wa furaha, "mwambie mkwe wetu tunamsikia."

"Mwambie Alhamisi ile ya Kwaresima mimi nilikuwa chemchemini. Nilikuwa nafua vitambaa vya altare. Nikasikia anakohoa. Sikuwa na pa kukimbilia. Mwambie nilijifunika kitambaa kikubwa, nikaingia mwambani, kwa heshima yake. Alipoinama nikatoka kupitia mianzini. Hapakuwa na mtu mwingine, mbuzi. Mwambie hapakuwa na mtu mwingine."

Panga lilinyamaza. Ikupa alihesabu pumzi zake mwenyewe. Jirani alikuwa anatwanga.

"Mbuzi," mzee alisema mwishoni, na furaha yote imemtoka, "muulize. Alisikia?"

"Mwambie nilisikia."

"Yote?"

"Yote."

Akasikia panga linawekwa chini polepole, mabuti yanavuka uwanja, mlango unafungwa. Mzee hakutoka tena siku ile. Jumamosi Tumpale alipeleka chakula asubuhi, akakirudisha kama kilivyo. Akapeleka cha mchana, akakirudisha. "Baba anaumwa nini?" Tumpale akauliza, na Ikupa akainama kuchochea moto. Hakuna rozari iliyosikika chumbani. Nimemuua, alijiambia. Ile hasira aliyoilea tangu Kwaresima aliitafuta ndani yake imsaidie, hakuiona. Aliona hofu tu, na huruma ambayo hakuitaka.

Jumapili mzee alikwenda kanisani peke yake, mapema, kabla ya watu. Wanaume kule hukaa kulia na wanawake kushoto, na Ikupa alikuwa mahali pake pa siku zote, benchi la nyuma, kando ya nguzo. Violet alikuwa benchi la tatu na mtoto wake. Misa ilikwisha. Padri Clement akavua kasula, lile vazi lake la misa, akasimama mbele na daftari lake.

"Ndugu zangu, mwenye kujua lolote kuhusu habari ya chemchemi, kubwa au dogo, aseme sasa."

Watu wakatazamana. Danford alikuwa anatabasamu, tayari ana ramani ya groto mfukoni. Ikupa alishika benchi la mbele yake. Akainuka nusu, na hapo akasikia kikohozi upande wa kulia. Mzee Andongwisye alikuwa ameshasimama.

"Padri, sitaapa," alisema. "Niliyemwona alikuwa mkwe wangu. Alijifunika kitambaa cha altare anikwepe, kama mila inavyotaka. Macho yangu ni mabovu, mnajua wote. Mama Maria hakutokea Isalalo. Mwenye mgonjwa ampeleke hospitali, na mwenye dawa ainywe."

Mh! Kelele iliyotokea pale. Mwingine anacheka, mwingine anasema mzee amechanganyikiwa, mwingine anasema amerogwa. Danford alisimama akakaa, akasimama tena. Kule mbele Violet alikuwa amemkumbatia mtoto wake, amefungua mkoba, anatafuta kitu, huku machozi yanamdondokea. Padri aliinua mkono mpaka wakatulia.

"Ahsante, mzee wangu," alisema kwa upole. "Basi nitaandika kwamba hapakuwa na kitu."

"Andika hapakuwa na tokeo," mzee alimjibu. "Usiandike hapakuwa na kitu. Mimi siku ile niliomba jambo moja. Nilimwomba Mama amwambie mtu fulani neno ambalo mimi sikuweza kumwambia. Siku mbili hizi nimelala chini nikiona aibu, nikasema, nimeongea na kitambaa. Leo alfajiri ndiyo nikaona. Padri, yule mtu alikuwepo. Alisimama pale pale, akalisikia kwa masikio yake."

Kisha mzee akafanya jambo ambalo Wandali waliokuwepo wanalisimulia mpaka leo, wapo wanaomlaumu na wapo wanaofuta machozi wakilisimulia. Aligeuka upande wa wanawake. Akatoka katika benchi lake, akatembea kwa kupapasa hadi ile nguzo, akasimama mbele ya mkwe wake.

"Ikupa," alisema. Miaka minane hakuwahi kulitamka.

Ikupa alishika ncha ya mtandio ajifunike, kwa mazoea. Akauachia. Akainua macho, akamwona: mzee mfupi kuliko alivyodhani, ana kovu dogo kwenye kidevu, kidevu kile kile cha Asajile. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba wanafanana.

"Nilikukosea, mwanangu. Nisamehe."

Kanisa zima lilikuwa linasubiri aseme ndiyo, na neno hilo lingekuwa rahisi. Lakini Ikupa alikuwa amechoka na mambo yasiyo ya kweli.

"Nimesikia, tata," alimwambia, uso kwa uso. "Nilisikia tangu siku ile. Lakini bado inaniuma."

Mzee akatikisa kichwa kukubali, akaketi pale pale kando yake, kwenye benchi la wanawake, na Padri akaanzisha Baba Yetu.